Kanisa limejaa, nani kakaa wapi? Mwongozo wa kusoma picha za chapa za karne ya 19

Shangazi yangu hana habari na historia ya sanaa. Jioni moja nilikuwa nimefungua kwenye kompyuta picha ya chapa ya mwanzoni mwa karne ya 19, inayoonyesha ndani ya kanisa la Foundling Hospital, London, nami nimezama kwenye nguzo na madirisha. Akapita na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Hawa watoto waliopangwa juu huko kando ya kinanda, mama zao wako wapi?"

"Hawapo, shangazi. Hicho kilikuwa kituo cha watoto walioachwa."

"Haya. Na hawa waliovaa vizuri huku chini, wamefuata nini kwa watoto wa watu?"

Nilikuwa nimeikodolea macho picha ile karibu saa nzima, na maswali hayo mawili hayakunijia. Ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kwa utaratibu wa shangazi: watu kwanza, jengo baadaye. Utamfaa mwanafunzi wa historia, mwalimu, mwanakwaya anayependa mambo ya kale, au yeyote aliyekutana na picha hizi mtandaoni akadhani ni mapambo ya kalenda.

Kabla hujaanza

Andaa simu au kompyuta, rula, karatasi na penseli. Kama unayo chapa yenyewe mkononi, ongeza kioo cha kukuzia. Kile cha fundi saa kinatosha. Kama huna, usijali. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, Rijksmuseum ya Amsterdam na Art Institute of Chicago zimeweka mtandaoni picha nyingi mno za chapa, unapakua bila kulipa. Chukua faili kubwa kuliko zote wanazotoa. Picha ya skrini haitakusaidia, maana huko mbele utataka kuona chembe za wino.

Kwa mazoezi nitarudi mara kwa mara kwenye kazi moja, *Microcosm of London*, iliyotolewa na Rudolph Ackermann kati ya 1808 na 1810. Ina picha 104 za rangi zinazoonyesha jiji ndani kwa ndani: mahakama, magereza, kumbi za maigizo, na nyumba za ibada za kila namna, kuanzia St Paul's na Westminster Abbey hadi kanisa la Wakatoliki, mkutano wa Quaker (Wakristo wanaosali bila padri) na sinagogi. Nimeichagua kwa sababu majengo na watu vilitoka katika mikono miwili tofauti. Augustus Charles Pugin, Mfaransa aliyehamia Uingereza, alichora kuta, nguzo na dari. Thomas Rowlandson, mchora katuni maarufu, akajaza watu. Mmoja alikuwa mtu wa rula, mwingine mtu wa mzaha, na mshono kati yao unaonekana ukiutafuta.

Hatua ya 1: Chora ramani ya viti

Chora mstatili kwenye karatasi. Weka mahali pa madhabahu, mimbari, kinanda, roshani na mlango. Kisha weka watu: duara kwa mwanamke, pembetatu kwa mwanamume, nukta kwa mtoto. Nyuso ziache kwanza. Ukianza na nyuso utacheka na Rowlandson, na ukishacheka hutaona kitu kingine.

Sasa jiulize nani kakaa, nani kasimama, nani kapiga magoti na nani yuko kazini. Walio kazini ndio hupotea machoni: mama anayefungua milango ya viti, karani anayeitikia sala, mpiga kinanda, mlezi wa watoto aliyesimama kando na jicho kali.

Ili ramani hiyo ikwambie kitu, lazima ujue viti vilikuwaje. Makanisa mengi ya Kianglikana nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ile hayakuwa na mabenchi ya wazi kama tuliyozoea sisi. Yalikuwa na vizimba: mbao zimezungushwa hadi kifuani, mlango una bawaba, wakati mwingine na kufuli. Familia ilikodi kizimba chake kwa mwaka, au ilikipata pamoja na nyumba. Ndani mliwekwa mito na zulia, na kwa bwana mkubwa wa kijiji unaweza kukuta hata meko ya kuotea moto wakati wa mahubiri. Asiye na kodi alikaa kwenye benchi tupu katikati ya njia, au nyuma kabisa, au juu roshani. Hata serikali iliona ni jambo la kuhesabiwa. Sensa ya ibada ya Jumapili tarehe 30 Machi 1851, huko England na Wales, iliuliza viti vya bure mbali na viti vyenye wenyewe.

Kwa hiyo ukiona mbao zinafika kifuani mwa watu na vichwa tu vinachungulia kama kuku kwenye tenga, hapo unaangalia kodi ya pango. Ukiona mzee kakaa njiani kwenye benchi lisilo na mgongo, huyo ni wa viti vya bure. Na mimbari? Mara nyingi ilikuwa ya ghorofa tatu: chini karani, katikati msomaji wa ibada, juu kabisa mhubiri, ili ayaone yanayofanyika ndani ya vizimba. Wengine walikuwa wanalala humo.

Zingatia na mwaka. Mwaka 1839 kilianzishwa chama cha Cambridge Camden Society, ambacho pamoja na mambo mengine kilivipiga vita vizimba, na katika nusu ya pili ya karne makanisa mengi yaliving'oa na kuweka mabenchi ya wazi yanayotazama madhabahu. Chapa ya miaka ya 1870 yenye vizimba inakwambia mojawapo ya mawili: kanisa hilo lilichelewa kubadilika, au mchoraji anaililia enzi ya babu yake.

Turudi kwa watoto wa shangazi. Foundling Hospital ilipata hati ya mfalme mwaka 1739 kwa juhudi za nahodha Thomas Coram, ili kulea watoto ambao mama zao hawakuweza kuwatunza. Mtunzi Handel aliipa kanisa lake kinanda, na mwaka 1750 akaongoza humo *Messiah*, utungo wake wa kwaya, ili kuchangisha fedha. Kuanzia hapo kwenda kusali kwa watoto wale ikawa mtindo kwa wenye nacho wa London. Walikodi viti, na kodi ikaingia kwenye mfuko wa kituo. Ukiitazama picha ya Ackermann ukiwa na hayo kichwani, mpangilio unasomeka wenyewe. Watoto wamekaa kwa ngazi, juu, kushoto na kulia kwa kinanda, sare zao zinafanana, na kila aliyeko chini anawaona. Ni kwaya, na papo hapo ni ombi la mchango. Hao waliovaa vizuri wamefuata muziki, na wamefuata kuonekana wamekuja.

Mama zao je? Mtoto alipopokelewa alibatizwa jina jipya. Hata kama mmoja wa mama hao angepenya akaketi kwenye benchi la nyuma, asingejua amwite nani.

Hatua ya 2: Soma maandishi ya chini

Wengi huyakata maandishi haya wanapohifadhi picha. Usifanye hivyo, hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha chapa. Yameandikwa kwa Kilatini cha kufupisha, nayo ni machache mno kukushinda:

- "del." au "delt." ni aliyechora
- "pinx." ni aliyeipaka rangi picha ya asili, mbali na chapa
- "sc." au "sculpt." ni aliyechonga bamba, yaani kipande cha metali kinachopakwa wino na kupigiwa chapa
- "aquat." ni fundi wa akwatinti, njia ya kuchapa nitakayoieleza kwenye Hatua ya 3
- "lith." ni aliyechora kwenye jiwe, au kiwanda chake
- "imp." ni aliyepiga chapa
- "exc." ni aliyetoa na kuuza

Kwenye *Microcosm* utakuta majina ya Pugin na Rowlandson pamoja, halafu jina la tatu la fundi wa akwatinti, mara nyingi J. Bluck au J. C. Stadler. Chini yake kuna tarehe na anwani ya duka la Ackermann, 101 Strand. Tarehe haikuwekwa kwa urembo. Sheria ya hakimiliki ya wachongaji iliyoanza kazi Uingereza mwaka 1735 ilitaka jina la mwenye chapa na siku ya kutolewa viandikwe kwenye bamba, la sivyo ulinzi hakuna. Ndiyo maana chapa za Kiingereza mara nyingi zina tarehe kamili hadi siku, na za nchi nyingine hukuacha ukikisia.

Angalizo moja: tarehe hiyo ni ya bamba. Karatasi ni habari nyingine. Bamba la 1809 linaweza kupigwa tena miaka mingi baadaye, na tarehe ikabaki ileile. Kama unayo karatasi, inyanyue kwenye mwanga wa dirisha utafute alama ya maji ya kiwanda, kama vile Whatman, ambayo mara nyingi huja na mwaka. Karatasi yenye 1817 haiwezi kupigwa chapa 1809, hata muuzaji aape vipi.

Hatua ya 3: Jua ilichapwa vipi

Hapa mimi nililipa ada ya shule. Niliwahi kununua mtandaoni, kwa muuzaji aliyesifiwa sana, chapa "halisi ya 1809". Ilipofika nikaiweka chini ya kioo: vitone vidogo vya duara vimepangwa safu kwa safu, kama kitambaa cha chandarua. Vitone vya mpangilio huo ni vya mashine za uchapaji wa picha zilizoanza kuenea miaka ya 1880 na kuendelea. Nilikuwa nimenunua ukurasa wa kitabu cha juzijuzi, umekatwa vizuri. Fedha sikurudishiwa.

Basi kuza hadi uone wino, uangalie kivuli. Vivuli ndivyo visivyodanganya.

*Akwatinti.* Fundi alinyunyizia unga wa utomvu kwenye bamba la shaba, akaupasha moto ushike, akaliingiza bamba kwenye tindikali. Tindikali ilikula pale utomvu ulipoacha nafasi. Kivuli chake kinafanana na tope lililokauka likapasuka: mtandao wa vijishimo visivyo na mpangilio. Inafaa sana ndani ya kanisa, kwa sababu hutoa mwanga unaofifia taratibu kutoka dirishani hadi kwenye pembe za giza. Rangi mara nyingi ilipakwa juu yake kwa mkono, nakala moja moja. Ndiyo maana mwanamke mwenye shali nyekundu katika nakala ya New York anaweza kuwa na shali ya buluu London. Usiandike insha juu ya rangi ya nguo kabla hujaona nakala mbili.

*Mchongo wa chuma cha pua.* Ulishika kasi miaka ya 1820. Shaba huchakaa upesi. Chuma hiki kilivumilia maelfu ya nakala, hivyo picha za makanisa zikaingia kwenye vitabu vya bei nafuu. Mistari yake ni myembamba kama nywele, imesongamana, na kwa mbali picha yote ina rangi ya kijivu ya fedha.

*Litografia.* Aliyeivumbua ni Alois Senefelder, huko Bavaria, miaka ya mwisho ya 1790. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, wino unashika penye mafuta tu. Kioo kitakuonyesha chembechembe kama za chaki kwenye ubao wa darasa. Karatasi haina alama ya kubonyezwa na kingo za bamba, tofauti na shaba na chuma. Zile za katikati ya karne mara nyingi zina rangi ya mchanga chini, na mwanga umeachwa weupe wa karatasi.

*Mchongo wa mbao.* Huu ni wa magazeti, nitaufikia.

Mbona haya yote yanahusu maisha ya kijamii? Kwa sababu njia ya kuchapa ndiyo bei, na bei ndiyo mtazamaji. Picha ya akwatinti iliyopakwa rangi kwa mkono ilikaa kwenye maktaba ya mwenye nyumba. Ukurasa wa gazeti ulipita mikononi mwa watu wengi siku hiyohiyo. Kanisa ni lilelile, ila anayeonyeshwa amebadilika.

Hatua ya 4: Wapime watu

Wachoraji wa majengo walikuwa na ujanja mmoja mkongwe: ukitaka kanisa lionekane kubwa, punguza watu. Ni rahisi kuwakamata.

Tafuta mtu aliyesimama karibu kabisa na shina la nguzo, miguu yake na kitako cha nguzo vikiwa kwenye mstari mmoja. Mpime kwa rula kwenye skrini. Kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye dari juu ya nguzo hiyohiyo. Gawanya. Tuseme ni Westminster Abbey, ambayo dari ya ukumbi wake mkuu iko kama mita 31 juu. Mtu wa mita 1.65 angeingia humo mara 19 hivi. Ukipata 18 au 20, mchoraji ni mwaminifu. Ukipata 26, ameshawafinyanga waumini wakawa sisimizi ili wewe ushike kifua na kusema ooh.

Usipimie mtu aliyeko mbele na nguzo iliyoko nyuma. Hilo ndilo kosa la wanaoanza, na mimi nililifanya mara mbili kabla ya kulishtukia.

David Roberts ni wa kupimwa kila mara. Alizuru Misri na Nchi Takatifu mwaka 1838 na 1839, na michoro yake ikageuzwa litografia na Louis Haghe kati ya 1842 na 1849. Haghe, Mbelgiji aliyefanya kazi London, alizaliwa na mkono wa kulia wenye kilema, akachora mawe yote yale kwa kushoto. Humo mna Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu la Bethlehemu na Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu, mahujaji wamepiga magoti, mwanga unashuka kama wa jukwaani. Na ni wa jukwaani kweli, maana kabla ya umaarufu wake Roberts aliishi kwa kuchora mandhari za kumbi za maigizo. Sisemi alidanganya. Nasema alijua mtazamaji wa kiti cha nyuma anataka nini.

Hatua ya 5: Tambua ni ibada ya nani

Hii ni ya haraka. Angalia macho ya kusanyiko yanaelekea wapi.

Kama yanaelekea mimbari, na ukutani kuna mbao za Amri Kumi na nembo ya mfalme, hao ni Waanglikana wa mtindo wa zamani. Kama yanaelekea madhabahu yenye mishumaa, watu wamepiga magoti sakafuni na padri amewapa mgongo, ni Wakatoliki. Hapo kumbuka mwaka: katika London ya 1808 Mkatoliki alikuwa bado hawezi kuketi bungeni, mlango huo ulifunguliwa 1829. Picha ya misa ilikuwa na ladha ya kuchungulia kwa jirani. Kama hakuna madhabahu, hakuna kinanda, hakuna mimbari, na wanaume wamebaki na kofia vichwani, umefika kwa Quaker. Kofia zao hawakuzivua kwa ajili ya mwanadamu yeyote, ila mtu alipoomba kwa sauti. Na anayezungumza akiwa mwanamke, usidhani mchoraji amekosea; kwao wanawake walihubiri.

Hatua ya 6: Tenga mzaha na ushahidi

Mtu aliyelala kanisani ni kichekesho kilichokuwa na umri mkubwa tayari. Mchoraji Mwingereza Hogarth alitoa chapa ya kusanyiko zima lililolala mwaka 1736, na wachora katuni wakairithi: padri mnene, karani anayemchungulia binti, bibi mwenye miayo. Ukiwakuta kwa Rowlandson, usiandike kwamba Waingereza wa 1809 walilala kanisani. Andika kwamba mnunuzi wa 1809 alitegemea kuchekeshwa hivyo.

Ushahidi uko kwenye yale ambayo mchoraji hakuyafikiria. Mlango wa kizimba umefunguka kuelekea upande gani? Mtumishi wa nyumbani amekaa na mabosi wake au kapelekwa roshani? Mishumaa imefungwa wapi? Mambo haya hayakumchekesha mtu, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyapotosha.

Kisha uliza chapa inataka uamini nini. Hapa nyumba ya Pugin inatufundisha kuliko nyumba nyingine yoyote. Baba alichora makanisa ya London kama yalivyokuwa, na vizimba vyake na roshani zake, bila ugomvi. Mwanawe, Augustus Welby Northmore Pugin, alizaliwa 1812, akakulia kwenye karakana ya baba yake akijifunza kuchora majengo ya kale, na mwaka 1835 akaingia Ukatoliki. Mwaka uliofuata akatoa *Contrasts*, kitabu cha michoro aliyoichonga kwa mkono wake: ukurasa una picha mbili, jengo la enzi za kati na jengo la siku zake, na huhitaji kuambiwa lipi analolichukia. La kale lina nakshi, kivuli kizito, watu waliotulia. La kisasa ni jeupe, baridi, limechorwa kwa mistari mikavu. Toleo la pili la 1841 likaongeza miji miwili na makazi mawili ya maskini: kwa watawa wa zamani maskini anapata mkate na mazishi ya heshima, na kwenye nyumba mpya ya maskini anapata kufungiwa.

Ni wakili mkali, na kama mawakili wote anachagua mashahidi. Hajaweka kanisa baya la enzi za kati, wala zuri la kisasa. Lakini zoezi hili nalipenda: weka bamba moja la baba kando ya moja la mwana. Ujuzi wa mkono ni uleule. Kwa baba, watu wamekuja kanisani na shughuli zao, wengine wanapiga soga. Kwa mwana, watu wamewekwa wathibitishe hoja.

Hatua ya 7: Likija gazeti, tafuta mishono

*Illustrated London News* lilianza 1842, *L'Illustration* la Paris likafuata 1843, *The Graphic* likaja 1869. Hawa walitumia mchongo wa mbao: mti mgumu uliokatwa kwa kukingama, ukachongwa kwa patasi ndogo kama alivyoionyesha njia mchongaji Mwingereza Thomas Bewick kabla yao. Mbao hiyo hutoka vipande vidogo, kwa hiyo picha kubwa iliunganishwa kwa vipande vilivyokazwa na boliti. Ili kuwahi toleo, vipande viligawiwa mafundi kadhaa, kila mmoja achonge chake. Kuza picha utafute mistari myeupe iliyonyooka, wima na mlalo, inayokata ukuta na hata mtu katikati. Huo ndio mshono. Ukitazama vizuri, nusu ya uso upande mmoja na nusu nyingine zina mkono tofauti.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Picha za Zanzibar kwenye magazeti hayo zilitokana na michoro ya wasafiri au picha za kamera zilizosafirishwa kwa meli, kisha mtu wa London ambaye hajawahi kukanyaga Mkunazini akazichora upya kwenye mbao. Ukikutana na chapa ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 chini ya Askofu Edward Steere palipokuwa soko la watumwa, una bahati ambayo wasomaji wa gazeti hawakuwa nayo: jengo lipo, nenda ukalinganishe. Ibada ya kwanza ilikuwa Krismasi ya 1877, hivyo picha ya tarehe ya nyuma zaidi yenye kusanyiko limeketi ndani ni ya kutilia shaka. Tazama dari, kama mchoraji ameweka mapaa ya mbao ya kijiji cha Kiingereza badala ya lile pipa refu la mawe ya matumbawe na saruji. Tazama na nguzo fupi karibu na mlango. Waongoza watalii husimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu akiwa hayupo. Mchongaji wa London, akiona nguzo imegeuzwa, anaweza kuinyoosha kwa kudhani mletaji picha ndiye aliyekosea.

Steere mwenyewe angeyaelewa haya upesi. Alikuwa mtu wa matbaa, na vijana wa misheni yake walichapa vitabu vya Kiswahili palepale Zanzibar.

Hatua ya 8: Andika kadi

Usiache uliyoyaona yabaki kichwani. Chapa moja, kadi moja. Weka sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mstari: juu yale yanayoonekana kwa macho, chini yale unayoyajua kutoka kwingine. Ukichanganya hizo mbili, baada ya mwezi utaapa uliona jambo ambalo ulilisoma. Yangu ya Foundling inasomeka hivi:

*Kanisa la Foundling Hospital. Kutoka* Microcosm of London, *1808–1810. Akwatinti, imepakwa rangi kwa mkono. Majengo: Pugin. Watu: Rowlandson. Mwishoni mwa ukumbi, kinanda juu. Watoto kwa ngazi pande zake mbili, sare. Waumini chini, wamevaa vizuri.*

*—*

*Handel alitoa kinanda. Viti vya kodi. Watoto walipewa majina mapya. Swali la mama: la shangazi.*